Mahindi Yasiyokauka

Ndugu zetu, na ninyi walimu, mmetutaka tuseme machache katika jubilii hii. Nasi twasema habari ya mahindi, maana masika yamekwisha na mavuno yapo mlangoni. Twawasihi, msiyatie ghalani yangali mabichi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumu ya kuvu, wala sumu hiyo haiishi kwa kupika.

Sisi nasi mwaka mmoja tuliogopa mvua, tukayarundika upesi. Tulipofungua kihenge, kuvu imetapakaa. Mama watoto akayafukia yote, hata ya mbegu. Tukanunua chakula mpaka mavuno ya vuli.

Basi yaanikeni juu ya jamvi, si udongoni. Kisha tieni punje na chumvi kavu chupani, mkatikise. Chumvi ikinata kiooni, anikeni tena.