Mwanafunzi na Suala Lake la Utafiti



Vijana wetu wasomao fizikia ya nadharia waniuliza: mwanafunzi asiye na maabara atapata wapi jambo la kulitafiti yeye mwenyewe?

Wengi huanza kwa kutaka kumsahihisha Einstein. Hilo silipendi. Mtazameni Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari huko Tanganyika, ambaye mwaka 1963 aliona maziwa ya aiskrimu yaliyotiwa barafuni yangali moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa. Hata hivyo alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu Dar es Salaam, naye akalijaribu jambo lile kwa maji. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wataalamu wangali wakibishana. Na karne nyingi kabla yao Ibn al-Haytham wa Basra aliandika kitabu kizima cha shaka zake juu ya Ptolemy.

Sisi tunayo bahari. Kila nahodha ajua kuwa bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na Newton alieleza mwaka 1687 jinsi mwezi na jua vivutavyo maji. Basi kijana na achukue mawimbi mawili: la mwezi, lirudilo kila saa 12 na dakika 25, na la jua, kila saa 12 kamili. Akiyajumlisha kwa kalamu, atayaona yakiafikiana kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Ndiyo bamvua hiyo. Lakini utamu ni huu: katika bahari nyingi maji makubwa kabisa huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Kwa nini yachelewe? Ni msuguano, au ni umbo la bahari yenyewe? Na hapa mlangoni mwa Ruvuma, huchelewa kiasi gani? Mti wenye alama utampa jibu la kwanza.

Tangu mwaka 2017 vita vimewatawanya wanafunzi wengi wa Cabo Delgado. Maabara haibebeki kichwani, daftari hubebeka.

Akishapata kurasa mbili za hesabu, ndipo amwandikie mwalimu wa chuo kikuu, Maputo au Dar es Salaam. Asimwombe mada. Ampelekee kurasa hizo, na amwonyeshe mstari alipokwama.