Simu Ifaayo kwa Kampuni Ndogo

Mwenye biashara asiyepatikana kwa simu ni sawa na mwenye duka aliyefunga mlango mchana. Mteja hubisha mara moja, kisha huenda kwa jirani.

Zamani hapa Kenya hapakuwa na uchaguzi. Simu zote za waya zilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu, lililogawanywa mwaka 1999. Kampuni iliyotaka simu nyingi iliweka swichibodi, na karani akaketi hapo kuunganisha wasemaji. Mwaka 2009 nyaya mpya za chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti ikapata nguvu ya kuchukua sauti vizuri zaidi. Sasa kampuni ya watu watano yaweza kuwa na nambari moja, na apigaye akapelekwa kwa karani wa mauzo au kwa fundi, hata fundi huyo akiwa Kisumu.

Lakini yafaa mambo manne yapimwe kabla ya fedha kutolewa.

Kwanza, hesabu. Zisihesabiwe meza za ofisini, bali mazungumzo yafanywayo kwa wakati mmoja. Katika watu kumi, wakisema watatu pamoja, njia tatu zatosha.

Pili, intaneti. Kila mazungumzo huhitaji kama kilobiti 100 kwa sekunde, kwenda na kurudi vilevile. Intaneti ikisuasua, sauti hukatika.

Tatu, umeme. Simu ya waya ya zamani ilipata nguvu zake kutoka kituo cha simu. Simu ya intaneti huzimika taa zizimikapo. Basi betri iwepo, na apigaye aweze kuelekezwa kwenye simu ya mkono.

Nne, nambari. Karani apokeaye wateja kwa laini yake mwenyewe, siku aondokapo, huondoka nao. Nambari iandikishwe kwa jina la kampuni, na mkataba useme kama yaweza kuhamishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tena, anayenasa mazungumzo amwambie mteja, kwani ndivyo itakavyo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Kampuni ya watu wawili haina haja ya mitambo: laini moja ya simu ya mkono, iliyo mali ya kampuni, yatosha. Kubwa ni kwamba mteja apigapo, ajibiwe.