Makundi ya Wanafunzi, Zamani na Leo
(Maneno ya walimu wa sekondari mbele ya jumuiya, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Wazee wetu waliosoma Uvira, Baraka na Fizi enzi za Zaire hutuambia kwamba wakati wao wanafunzi wote walikuwa ndugu. Tunawaheshimu, lakini tumewasikia pia wakisimuliana jioni. Wa mwaka wa kwanza waliitwa bleu, wakachoteshwa maji na kupigwa na wakubwa wao. Waliotoka kijiji kimoja walikula sahani moja, na mwenye unga wa muhogo alikuwa na marafiki mpaka unga uishe. Wasichana walikuwa wachache mno.

Sisi tulifika hapa Nyarugusu tukiwa watoto, kambi ilipofunguliwa mwaka 1996. Makundi yetu yalifuata zoni na bomba la maji. Kitabu kimoja kilisomwa na wengi, basi aliyekishika ndiye aliyekuwa rafiki. Ukabila ulikuwepo, hatuwafichi. Hata hivyo sote tulingojea mtihani uleule wa taifa la Kongo, na posho ilipopunguzwa ilipungua kwa wote.

Wanafunzi wa leo wanatenganishwa na jambo ambalo wazee hawakulijua: kesi. Tangu miaka ya 2010, Marekani ilipoanza kuchukua Wakongo wengi, shuleni kuna wenye kesi na wasio na kesi. Mwenye kesi huketi na wenzake, hujifunza Kiingereza, Kifaransa hakitaki tena. Hata kwenye kwaya na timu ya mpira husimama upande wao.

Na sisi walimu tulikosa. Tulimwambia mtoto, "Hesabu za nini, wewe si unakwenda?" Kitabu chake tukampa mwingine.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, kuna familia zilizokuwa zimeshagawa masufuria na magodoro. Watoto wao walirudi darasani wakapokewa kwa kicheko. Msichana mmoja wa sehemu ya ualimu aliketi nyuma kabisa siku 3, kisha hakuja tena. Tulimfuata nyumbani. Mama yake akatuuliza, "Mwalimu, huyu sasa ni wa kundi gani?" Tulinyamaza.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, wala si kwa maneno yetu. Alifuatwa na msichana asiye na kesi, waliyekuwa wakichota naye maji tangu utotoni.

Sasa tunawapangia wanafunzi viti wenyewe, na vitabu tunavigawa kwa dawati. Wazazi, tunaomba mtoto aendelee kusoma hata akiwa na tarehe ya safari mkononi. Nanyi wageni wetu, orodha za majina ya safari zisibandikwe karibu na shule. Zikibandikwa asubuhi, siku hiyo hatufundishi.