Makelele ya usiku ni mambo ya bajeti

Maneno yaliyosemwa mu mukutano wa vijana wa makomine ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli, mujini Kindu. Tunayaweka hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.



Najua kuko wenye wametoka ngambo, Alunguli, na wamelipa mutumbwi juu ya kutusikiliza. Sitawachelewesha, maana kuvuka muto usiku si muchezo.

Nitaanza na kitu kidogo. Mu avenue yetu kuko nganda moja. Sitataja jina, kila mumoja wenu ako na yake. Ni nyumba ya mbao na mabati, meza tano, friji moja, grupe nyuma ya ukuta, na mabafle mawili marefu kuniliko. Yale mabafle hayaangalie wateja. Yanaangalia barabara, ndio kusema yanaangalia dirisha yetu. Na munajua joto ya Kindu: ukifunga dirisha unakufa na jasho, ukifungua unakufa na muziki.

Mwaka ule mudogo wangu alikuwa anajitayarisha kwa egzeta. Alikuwa anasoma na taa ya telefone, pamba mu masikio. Usiku moja, saa sita ilikuwa imepita, mama akaniambia: "Enda uwaombe wapunguze kidogo, mutoto ako na egzamen kesho." Nikaenda. Mwenye nganda si mutu mubaya. Alinipokea muzuri, akanipa kiti, akaingia ndani, akatoka na karatasi. Ilikuwa kitansi ya taxe, na muhuri juu yake. Akaniambia: "Mudogo wangu, mimi nimelipa."

Nilirudi nyumbani bila jibu. Tangu siku ile neno lile halijatoka mu kichwa yangu. Mimi nimelipa. Amelipa nini? Amelipa ruhusa ya kuuza bia, ao amelipa usingizi wa avenue muzima?

Asubui tukaenda kwa shefu wa kartiye: wazee watatu, mama wawili na mimi. Alitusikiliza mupaka mwisho. Kisha akatuonyesha ofisi yake: meza, dafutari, na kalamu yenye mutu alimuletea. Akasema: "Nitaandika. Lakini kutuma mutu usiku inaomba transporti, na mimi sina." Tulitoka na hasira. Mu njia tulisema: huyu amekula pesa ya nganda, ndio maana ananyamaza.

Bandugu, leo najua kama tulimukosea. Na ndilo jambo nimekuja kuwaambia: tunapeleka malalamiko yetu mahali ambapo hakuna pesa, na mahali pesa iko, hatufikake.

Tuangalie sheria kidogo, pole pole. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006, kifungu cha 3, inasema kama muji, komine, sekta na sheferi zinajiongoza zenyewe, na ziko na uhuru wa kutumia mali yao, watu wao na pesa yao. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa 10, 2008, inaeleza namna ya kufanya. Mu orodha ile kartiye hamuna. Kartiye ni mukono tu wa komine. Haina bajeti yake. Shefu wa kartiye anaweza kuandika, kupatanisha, kupeleka habari kule juu. Lakini hawezi kugawa pesa ambayo hakupewa. Ukimutukana ni kama kumutukana mutu wa mulangoni juu chakula mu nyumba haijaiva.

Komine, yenyewe, iko na bajeti. Na burgumestre ndiye anabeba mzigo wa utulivu wa watu mu komine yake. Polisi waliopangwa pale wanatumika naye kwa kazi ile. Basi makelele ya usiku ni kazi ya komine. Si zawadi, si huruma.

Sasa mutaniuliza: kama ni kazi ya komine, sababu gani komine haifanye?

Tufanye hesabu. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema kama mu pesa za leta zinazopatikana mu jimbo, asilimia 40 ni ya jimbo. Sheria ya 2008 inaongeza kama mu ile sehemu ya jimbo, asilimia 40 ni ya miji, makomine, sekta na sheferi. Basi mu franga 100, 40 ni za jimbo, na mu zile 40, franga 16 zinapashwa kushuka mupaka chini, kwetu, zigawanywe mu maantite yote ya jimbo. Ni kwa karatasi. Kila mutu anayefuata mambo ya inchi hii anajua kama ile pesa haishuke yote, na haishuke kwa wakati.

Pesa ya juu isiposhuka, komine inaishi na nini? Inaishi na kile inachoweza kukamata na mukono: meza ya mama mu soko, moto ya kijana, butiki, na nganda. Munaona sasa? Ofisi inayopashwa kumwambia mwenye nganda "punguza bafle" ni ofisi ileile inayongoja kitansi yake juu ilipe karatasi na mishahara. Akifunga saa ine ya usiku, atauza kidogo. Akiuza kidogo, mwezi ujao atalia mbele ya mutu wa taxe. Hata kama burgumestre ni mutu wa haki, anasimama katikati ya usingizi wetu na kapo yake. Na kwa sababu siye tunalia kule kwa kartiye tu, kapo inashinda kila siku.

Mutu mumoja ataniambia: basi ile pesa ya nganda itumike kwa kulinda watu wa jirani na nganda. Wazo ni nzuri, lakini sheria ya pesa za leta, ile ya tarehe 13 mwezi wa 7, 2011, inaweka msingi kama pesa zote za kuingia ziko pamoja, na zinalipa matumizi yote pamoja. Hatuwezi kusema noti hii ni ya nganda, noti ile ni ya usingizi. Lakini kuko watu waliopewa kazi ya kuamua matumizi: baraza la komine.

Na watu wale, tuliwachagua. Tarehe 20 mwezi wa 12, 2023, siku moja na kura ya rais, hapa Kindu tulichagua pia washauri wa komine, ndio tunaita makonseye. Wengi wetu tulitia kidole haraka haraka, macho yetu yalikuwa kwa rais. Walipita mu avenue na tisheti. Mimi pia nilichukua, na ningali naivaa. Lakini nani hapa amewahi kumuuliza konseye wake swali moja juu ya bajeti? Inueni mikono. Siione hata moja, na wangu pia uko chini.

Tumewazoeza vibaya. Kukiwa matanga tunamuomba konseye sanduku ya maiti. Kukiwa mupira tunamuomba majezi. Kazi yake kwa sheria ni ingine: kupiga kura juu ya bajeti ya komine, na kumuuliza burgumestre namna pesa zilitumika. Mutu akikupa sanduku ya maiti na haulize kitu juu ya bajeti, amekuzika wewe pia.

Sasa tuseme ukweli juu yetu. Wateja wa nganda ni nani? Ni mapapa tu? Ni siye. Jumamosi ni siye tunasema "ongeza volume". Moto zinazopita saa nane ya usiku bila eshapema, ni vijana kama siye wanaziendesha. Na mule mu nganda kuko dada anayeleta chupa, kuko kijana anayecheza muziki, kuko mama anachoma samaki mbele ya mulango. Wanakula pale. Mutu akija hapa kusema tufunge nganda zote, mimi sitamufuata. Tunaomba saa, tunaomba kipimo. Nganda icheze, lakini bafle igeuke ndani, na saa ikifika iteremuke.

Na makanisa? Najua hapa munaanza kuniangalia vibaya. Hatushitaki sala ya mutu. Watu wa kanisa, watu wa muskiti, tunaishi pamoja hapa Maniema tangu zamani. Lakini mukesha wa watu makumi mawili hauombe bafle ya watu elfu mbili. Mugonjwa anayelala nyuma ya ukuta wa kanisa, yeye pia ni mutu wa Mungu. Pasta akitukubalia tukae naye, tutamwambia na heshima. Na matanga, tuache: mutu akifiwa, avenue inakesha naye.

Kuko mambo hatutafanya. Hatutarusha mawe. Hatutakata waya ya grupe ya mutu. Hatutaweka picha ya mwenye nganda mu magrupe ya WhatsApp na matusi. Siku tutafanya vile, tutakuwa siye makelele, na kesi itageuka juu yetu.

Tutafanya mambo mane.

Kwanza, dafutari. Kila avenue, watu wawili, siku 30. Munaandika: tarehe, saa imeanza, saa imeisha, ni nganda, ni kanisa, ni grupe, ni moto. Bila kuongeza. Ikiwa usiku moja kulikuwa kimya, andikeni kimya. Mutu wa komine akiona kama tunaandika hata siku nzuri, ataamini siku mbaya.

Pili, bajeti. Tutaenda ku komine na barua, tuombe kuona bajeti ya mwaka huu. Kifungu cha 24 cha Katiba kinampa kila mutu haki ya kupata habari. Hatuombe siri ya jeshi. Tutatafuta mistari mitatu tu. Ya kwanza: nganda na mahali pa kuuzia pombe zinaleta ngapi? Ya pili: kuko franga ngapi kwa utulivu wa usiku, transporti ya kuzunguka, kazi ya usafi na afya? Ya tatu: kartiye zinapewa nini? Ikiwa mustari wa pili na wa tatu ni sufuri, basi tumejua sababu gani shefu wetu alituonyesha dafutari na kalamu.

Tatu, petisio. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kama kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ako na haki ya kupeleka petisio kwa mukubwa wa leta, na yule mukubwa anapashwa kujibu mu miezi mitatu. Na kinaongeza kama hakuna mutu atashitakiwa juu amefanya vile. Andikeni ile mu kichwa ya karatasi, kwa herufi kubwa, juu wazazi wetu wasiogope kutia sahihi. Barua iende kwa burgumestre, kopi kwa baraza la komine, kopi kwa meya. Kopi yetu irudi na muhuri wa mapokezi na tarehe. Bila muhuri, itakuwa nguvu kuonyesha siku gani miezi mitatu ilianza.

Ine, tutakaa na wenye nganda wenyewe. Nimesharudi kwa ule wa avenue yetu. Nilimuuliza: hii kitansi yako, umewahi kuona imerudi kwako kwa kitu gani? Taa ku barabara? Kivo ya takataka? Alicheka, akasema hapana. Basi yeye pia wanamudai na hawamurudishie. Alikubali atie sahihi ku petisio, na alikubali kugeuza bafle moja. Moja, ile ya pili bado tunajadiliana.

Muangalie tarehe pia. Mwaka wa bajeti unaanza 1 mwezi wa kwanza, unaisha 31 mwezi wa 12. Tukifika na petisio kisha bajeti imekwisha kupigiwa kura, watatuambia "mwakani", na hawatadanganya. Kwa hiyo ni sasa, wakati wako wanaandika mistari ile, wajue kama kuko vijana wanangoja kuisoma.

Mutaniuliza habari ya mudogo wangu. Hakupata egzeta mwaka ule. Sitasema ni bafle peke yake, hesabu pia ilimushinda. Amerudia. Mwaka huu analala kwa shangazi yetu, Alunguli, mbali na nganda, na kila asubui anavuka muto kwa kwenda ku masomo. Mutumbwi kwenda na kurudi, siku sita kwa juma. Ile pia ni taxe, yenye mama yangu analipa, na haina kitansi.

Jumamosi ijayo, saa tisa, hapahapa. Kila avenue ilete majina mawili na dafutari moja. Bandugu wa Alunguli, mutangulie, mutumbwi unawangoja.