Nani aling'oa reli ya Kongwa?

(Mazungumzo na vijana wa Chang'ombe, Dodoma)



Stesheni ya Dodoma mnaijua wote. Reli ya Mjerumani ilifika hapa mwaka 1910. Lakini wangapi mnajua kwamba hata Kongwa treni ilikuwa ikiingia? Naona mnacheka. Subirini.

Mwaka 1946 Waingereza walikuwa wametoka vitani, mafuta ya kula yamewaadimikia. Vigogo wa London wakaamua karanga zilimwe Afrika, ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa hapa Tanganyika. Wataalamu wao walizunguka miezi michache tu, wakaandika ripoti. Wangemwuliza mzee yeyote wa Kigogo, ambaye ukoo wake umelima uwele na mtama kwenye udongo ule miaka nenda rudi, angewaambia habari ya mvua yetu bure, bila posho.

Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Tawi la reli likajengwa kutoka Msagali, kwenye Reli ya Kati. Matrekta yakafia kwenye mizizi ya vichaka, mibuyu ikagoma kuanguka, nyuki wakatimua watu. Mto Kinyasungwe nao ukafurika, ukaharibu Reli ya Kati yenyewe. Kiangazi kilipoingia udongo ukawa kama saruji. Karanga zimo ardhini lakini hazing'oki! Mbegu zilizonunuliwa zikazidi mavuno.

Januari 1951 wakanyoosha mikono. Pauni zaidi ya milioni 30 zilikuwa zimeteketea. Na John Strachey, Waziri wa Chakula aliyeusimamia mradi huo? Mwaka 1950 alishahamishiwa wizara nyingine. Kumbe mtindo wa kumhamisha kigogo aliyevurunda haukuanzia kwetu.

Miaka hiyo hiyo ya 1950 tawi la Kongwa likafungwa, reli zikang'olewa. Ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo hizo, ikafungwa mwaka 1962. Mwenye mzigo alipoondoka, aliondoka na njia yake. Mlalahoi wa Kongwa aliyetaka kwenda Dodoma kumwona mgonjwa hakuwamo kwenye hesabu.

Sasa tazameni kichekesho. Wilaya hiyo hiyo ya Kongwa leo ina soko la mahindi la Kibaigwa, linalojulikana hadi nje ya mipaka. Mzigo upo, tena wa wakulima wenyewe, lakini unaondoka kwa malori, na gharama ya lori inakatwa kwenye bei ya mkulima. Wakati wa treni karanga hazikuwepo. Mahindi yamekuja, treni haipo.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inaingia Dodoma. Inapita Gulwe na Igandu, na mimi siipingi hata kidogo. Ila mgombea akija hapa Chang'ombe na fulana na kofia zake, akijisifia treni hiyo, mwulizeni swali moja: gunia la Kibaigwa litapandia stesheni gani, na kwa nauli ya shilingi ngapi? Msikubali ajibu kwa wimbo.