GRISI KIDOGO KWA WAKATI WAKE
Hotuba ya Kamati ya Karakana katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



 Wenzetu wamekwisha sema juu ya bei na magunia. Sisi twataka kusema juu ya grisi, na twaomba msicheke mpaka tumalize.

Wengi wenu mmeiona mashine ndogo ya kuchonga vyuma iliyomo karakanani mwetu. Huko ng'ambo watu huweka mashine za namna hii katika vibanda vya nyumbani, ili kujifurahisha baada ya kazi. Kwetu sisi ndiyo ichongayo vipuri vya mashine za kumenyea kahawa. Meza yake hutembea juu ya reli mbili, nayo huendeshwa na skrubu ndefu. Ndani ya vibebeo vya reli, na ndani ya nati ya skrubu, mna gololi ndogo zizungukazo katika mifereji yao. Skrubu ya kawaida husuguana na nati yake, na sehemu kubwa ya nguvu hupotea; skrubu ya gololi hufikisha karibu 90 katika kila 100, kwa kuwa gololi huviringika. Lakini hata kitu kiviringikacho chataka utando wa mafuta, chuma kisiguse chuma.

Msimu mmoja tulisahau jambo hilo. Kila mmoja wetu alidhani mwenziwe ametia grisi. Meza ikaanza kukwama, kisha ikalia. Tukaifungua nati ili tuisafishe, nayo ilipotoka mwisho wa skrubu gololi zikamwagika sakafuni. Siku ile ile kiwanda kimoja kilikuwa kikingojea kipuri. Kahawa iliyochumwa leo yataka kumenywa leo. Ile ya siku ile ilichacha ndani ya magunia, na wenyewe wakalipwa daraja ya chini. Hasara hiyo haikuletwa na mvua wala na soko. Tuliileta sisi, na leo twaikiri mbele yenu.

Tangu hapo tumejifunza mambo manne. Kwanza, usafi hutangulia grisi. Reli na skrubu zifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, wala zisipulizwe kwa upepo wa bomba, maana upepo huingiza chembe za chuma kati ya gololi. Pili, grisi itiwe kidogo kidogo, huku meza ikisogezwa toka mwanzo hata mwisho, mpaka reli ing'ae kwa utando mwembamba. Inayozidi ifutwe, kwa kuwa hunasa vumbi, na ikijaa mno ndani huleta joto. Tatu, grisi za asili mbalimbali zisichanganywe. Ile ya sabuni ya lithiamu ikikutana na ile ya udongo, huweza kulegea na kuvuja. Na mashine ya kukereza, ambayo kibebeo chake huteleza chuma juu ya chuma pasipo gololi, yataka mafuta mazito yanatayo, namba 68. Nne, muda wa kurudia ni ule ulioandikwa katika kitabu cha mashine, na nati isitolewe kamwe katika skrubu yake.

Mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya mafundi tu. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na Peter Jost iliiarifu Serikali ya Uingereza kwamba viwanda vya nchi ile vingeweza kuokoa pauni milioni 515 kila mwaka kwa kutunza vizuri zaidi sehemu zinazosuguana. Ikiwa nchi yenye viwanda vingi hivyo ilipoteza kiasi hicho, je, sisi wenye mashine moja?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa pana daftari mlangoni mwa karakana. Kila Jumamosi fundi mmoja, kwa jina lake, huandika alichokitia mafuta, nasi hutia sahihi. Mali ya watu wote yahitaji jina la mtu mmoja. Twaviomba vyama vyote vifanye vivyo hivyo kwa mashine zao za kumenyea. Nanyi Wajumbe, mtakapotutembelea, kabla ya kuuliza habari za fedha, ombeni kwanza daftari la grisi.