Rudi Ukalale, Usikilize

Katika 1 Samweli sura ya 3 twasoma habari za kijana Samweli kule Shilo. Mungu alipomwita usiku, mara tatu alimkimbilia mzee Eli, akidhani ndiye amwitaye. Eli hakumkemea, wala hakumtungia maneno ya Mungu. Alimfundisha namna ya kuitika, kisha akamrudisha mahali pake. Na neno lililokuja lilikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe; hata hivyo alimtaka kijana asimfiche lolote, akalikubali.

Ndugu kijana, mtafute mzee wa namna hiyo. Nawe mzee, kijana akikujia, je, utamrudisha kwa Bwana, hata kama neno litakugusa wewe? Bwana atusaidie. Amina.